Bolti Iliyokohoa

Ukifika Lizaboni, pale Songea, ukamuulizia Paskalina Haule kwa jina lake la ubatizo, utazunguka mpaka soli za viatu ziishe. Uliza Mama Nati. Hapo hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha kwa kidole. Kibanda chake cha bati kimeegemeana na cha Stumai, muuza vitumbua, na mlangoni pake inaning'inia bolti moja kubwa kwa kamba ya katani. Hiyo haiuzwi. Waliowahi kuuliza bei yake waliondoka na maneno ya kuwatosha wiki nzima.

Kazi ya mama huyu ni kufufua bolti na nati zilizoliwa na kutu. Kuna watu wakisikia hivyo wanacheka, eti si ukanunue mpya dukani? Haya, nenda kanunue! Mashine ya babu yako ililetwa kabla hujazaliwa, meno ya bolti zake hayafanani na ya duka lolote la Songea, utazipata wapi? Utazunguka weee, mwisho utarudi kwa Mama Nati na kiroba chako mkononi, kicheko kimekauka.

Hana dawa ya duka. Anao ulanzi, ile pombe ya mianzi, lakini si wa kunywa. Wake ni ule uliochacha mpaka ukisogeza pua machozi yanatoka. Katika ndoo ya ulanzi huo bolti hulala siku mbili, kutu ikalainika ikaachia. Kisha brashi ya waya. Kisha maji ya majivu, maana ule uchachu ukibaki kwenye meno ya bolti, kesho asubuhi utaikuta imeota kutu mpya, na hapo umefanya kazi ya bure. Baada ya hapo huikausha juu ya jiko, na ikiwa bado ya moto huichovya kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na oili. Nta inashika, maji hayapiti. Na hata siku moja hatenganishi bolti na nati yake. Ukimchanganyia atakuambia hao ni wanandoa, wewe ni nani kuwavunjia nyumba?

Lakini kabla ya nta kuna jambo moja, na jambo hilo ndilo lililompa sifa. Kila bolti huining'iniza kwa uzi akaigonga kwa kinyundo, akasikiliza. Marehemu mumewe, Fransisko, aliyejifunza ufundi kwenye karakana ya misheni kule Peramiho, ndiye aliyemfundisha. "Macho yatakudanganya, mke wangu," alikuwa akimwambia. "Kutu inaficha ufa na nta inaficha ufa. Bolti nzima inaimba, bolti yenye ufa inakohoa. Ikikohoa, itupe, hata kama ni ya mfalme." Ile bolti ya mlangoni ni ya Fransisko, ya kwanza aliyoisafisha mwenyewe akiwa kijana. Kila asubuhi Paskalina huigonga mara moja, kama mtu anayebisha hodi, aiweke sauti yake sikioni kabla ya kusikiliza nyingine. Miezi ya karibuni alianza kuona nayo imezeeka, sauti imefifia. Akailaumu kamba. Akaibadilisha mara mbili.

Mambo mengi yalikuwa yameharibika miezi hiyo, kwa maoni yake. Padri mpya alikuwa anamung'unya mahubiri. Mwanawe Remmy akipiga simu kutoka Mbeya, mtandao unakula maneno. Majirani wakawa na tabia ya kupita bila salamu, na wao huko nyuma wakawa wanasema Mama Nati siku hizi anaringa, unamwamkia shikamoo anakutazama tu. Mtu pekee aliyebaki anaongea kama binadamu alikuwa Stumai, na sauti ya Stumai inaweza kumwita mtu aliye Peramiho bila simu.

Basi, wiki ile ya kuelekea Pasaka ikaja kazi kubwa. Egidi Ngonyani alikuwa amerithi mashine ya kusaga nafaka. Mzee wake alipofariki, mashine ililala miaka mitatu chini ya paa linalovuja, ikawa nyekundu tupu. Ndani yake kuna gurudumu zito la chuma, na kwenye gurudumu zimefungwa nyundo nane za kuponda mahindi, kila moja imeshikwa na bolti nene kama kidole gumba. Gurudumu likishika kasi ya umeme, bolti moja ikakatika, nyundo haiulizi njia. Inatoka tu. Kifuniko chenyewe ni bati lenye viraka, na mbele yake, hatua mbili, ndipo wanawake wanapoinama kukinga unga.

"Shikamoo, Mama Nati," Egidi alisema siku aliyozileta. "Wenzangu wamenicheka, wanasema bolti za mashine ampe mwanamke? Mimi nikawaambia, mzee wangu hakuwahi kumpa mtu mwingine zaidi ya marehemu mumeo, na yeye kazi ameiacha kwako. Usiniaibishe, mama."

Maneno hayo aliyasikia vizuri, maana Egidi alikuwa amemwinamia karibu. Akaziloweka siku hiyo hiyo.

Jumanne alasiri zilikuwa tayari kugongwa. Alikuwa ameurudishia mlango ili upepo usimchezee jiko lenye nta. Akaining'iniza ya kwanza, akaigonga. Akasikia ngo hafifu, na juu ya hiyo ngo, mvua. Ile mvua ya mwisho ya Aprili, nyembamba, isiyokwisha, shhh juu ya bati. Akasonya. Akagonga kwa nguvu. Shhh. Akagonga ya pili, ya tatu, mpaka ya nane, sikio kalitega, uso kaukunja, na mvua haikumpa nafasi. Angesubiri ikate. Hilo ndilo angefanya siku nyingine yoyote. Lakini Egidi alikuwa amesema saa tisa, na ilikuwa saa tisa kasoro, na zote nane kwa macho zilikuwa safi, shingo zinang'aa. Mikono yangu inajua, alijiambia. Miaka sita mikono haijui? Akazichovya kwenye nta.

Egidi alipousukuma mlango, jua lilimpiga Paskalina usoni.

"Afadhali mvua imekata," alisema huku akimkabidhi bolti.

Egidi akacheka, akidhani ni utani wa kizee, akaondoka na mzigo wake.

Kesho yake saa nne asubuhi Paskalina na Stumai walikaa nje kwenye benchi, chai mkononi, kama kawaida yao. Ugomvi wao ni wa kila siku na mapatano yao ni ya kila siku. Stumai analalamika kelele za kinyundo zinampa kichwa, Paskalina analalamika moshi wa mafuta. Wakimaliza wanagawana vitumbua.

"Dada," Stumai alisema huku anatafuna, "ile moja ya jana uliitupa wapi? Nataka ya kuzuilia mlango wa banda la kuku."

"Ipi?"

"Ile mbovu. Jana nimekaa zangu natwanga mchele, nasikia ngo, ngo, ngo, halafu moja ikafanya kho! Nikasema haya, hiyo leo inaruka jalalani."

Kikombe cha Paskalina kilisimama njiani.

"Umeisikiaje na mvua ile?"

"Mvua?" Stumai akamgeukia. "Mvua gani? Jana nimeanika mchele juani kutwa nzima, wallahi hata wingu sikuliona. Dada Paskalina, una homa?"

Paskalina aliinua uso juu. Alikuwa anasikiliza. Walikuwa wamekaa nje, hakuna paa, hakuna bati, mbingu ya Songea juu yao nyeupe kwa jua, na mvua ilikuwa inanyesha. Shhh. Ilikuwa inanyesha masikioni mwake. Akakumbuka kwamba Jumapili kanisani ilinyesha. Akakumbuka ilinyesha alipokuwa anaongea na Remmy, na kwamba usiku haikati kamwe. Padri hakuwa anamung'unya. Watu hawakuwa wameacha kumwamkia. Yesu na Maria!

Sasa nitakuambia kitu ambacho yeye mwenyewe hakukisema kwa mtu muda mrefu. Alikaa. Hakuruka akakimbia kama watu wanavyopenda kusimulia. Alikaa pale na chai yake kwa muda wa kutosha kusali Baba Yetu, akafikiri: labda Stumai amesikia vibaya. Labda ule ufa ni mdogo. Nikienda nikasema, nani ataniletea bolti tena? Nani atampa kazi ya kusikiliza mtu kiziwi? Kazi hii ndiyo imemsomesha Remmy, ndiyo ugali, ndiyo Fransisko aliyebaki duniani. Fikra zile zilimpitia zote, na aliziona aibu zilipokuwa zinapita, na bado alikaa.

Kisha akaona akilini jinsi wanawake wanavyoinama kukinga unga. Akasimama, chai ikamwagika.

"Piga simu kwa Egidi," alimwambia Stumai akimpa simu yake. "Mwambie asiwashe!"

"Kwa nini usipige mwe..."

"Piga!"

Stumai akapiga. Ikaita ikakata. Akapiga tena. "Haipokelewi, dada."

"Amewasha," Paskalina alisema. "Mashine ikinguruma hasikii simu. Stumai, amewasha!"

Stumai hakuuliza tena. Aliliondoa karai la mafuta jikoni, akamkabidhi mwenye duka la jirani vitumbua vyake vyote bila hata kuvihesabu, naye hajawahi kufanya hivyo tangu azaliwe, akasimamisha bodaboda. Dereva akakataa mshikaki, kubeba abiria wawili kwa mpigo, akasema trafiki wako barabarani.

"Kijana, kuna watu watakufa!" Stumai akamfokea. Dereva akawabeba wote wawili.

Njia ile ya dakika kumi Paskalina hataisahau. Kwenye tuta moja bodaboda iliruka mpaka Stumai akasoma shahada. Upepo ulimpiga usoni Paskalina na wala hakuusikia, alisikia mvua yake tu, na ndani ya mvua alikuwa anahesabu: nane. Ni ipi kati ya nane? Aligonga zote kwa nguvu sawa, akazichovya zote kwa nta sawa, akazifanya zote zipendeze. Kama angeziacha na kutu yake, angalau mtu angeziogopa.

Kwa Egidi kulikuwa na foleni ya Pasaka. Wanawake kama ishirini, ndoo na madebe, mwingine ana ulezi wa pombe, mwingine mahindi ya ugali. Mashine ilikuwa imeshika kasi, vumbi la unga limejaa hewani. Mbele kabisa, ameinama na ndoo yake kwenye mdomo wa mashine, alikuwa Bibi Walburga, mwanamke wa miaka sabini na kitu, kichwa chake kiko usawa wa lile bati lenye viraka.

Paskalina hakumwita mtu. Alipita katikati ya madebe, akapiga teke ndoo ya mtu bila kuomba radhi, akafika ukutani penye swichi kuu, akaushusha mpini wa swichi kwa mikono miwili.

Gurudumu lilizunguka, likapungua, likazunguka, likapungua. Aliona midomo ya watu inafunguka. Kwa wengine pale kelele ilikuwa imekwisha. Kwake mvua iliendelea.

"Mama Nati!" Egidi alikuja mbio, mweupe kwa unga toka nywele hadi viatu. "Umerogwa? Unanizimia mashine mbele ya wateja?"

"Zifungue bolti."

"Nizifungue? Nimezifunga asubuhi hii! Saa nzima ya kazi, na watu hawa wote..."

Wanawake walianza kupiga kelele, mmoja akasema huyu amelewa, si ndiye yule wa ndoo za ulanzi? Kijana mmoja aliyekuja na gunia akanyoosha mkono kwenye swichi. Paskalina akaiegemea kwa mgongo.

"Anayetaka kuwasha aniue kwanza," alisema.

Bibi Walburga alijinyoosha taratibu, mkono kiunoni. "Acheni kelele," aliwaambia wenzake, kisha akamsogelea Paskalina sikioni. "Mwanangu, Paskalina. Kuna nini?"

Basi akasema. Hakulisema kwa ujasiri, sitakudanganya. Pua ilikuwa inamchuruzika.

"Mimi sisikii. Masikio yangu yamekufa, na nimejua leo. Hizi bolti nilizigonga nikiwa kiziwi nikasingizia mvua. Moja ni mbovu. Bibi, ulikuwa umeinama mbele yake."

Egidi alimtazama, akaitazama mashine ya baba yake, akaenda kuchukua spana.

Alizifungua moja moja, na kila iliyotoka Paskalina aliipangusa, akaifunga uzi akaining'iniza. Akagonga ya kwanza. Aliona kinyundo kinagusa chuma. Basi. Akakishusha kinyundo, na machozi sasa yalikuwa yanashuka waziwazi, maana alikuwa amezima mashine ya mtu ili aje asikilize, na hakuwa na cha kusikilizia.

"Nani atasikiliza?" Egidi akauliza. "Mimi sijui hizo sauti."

"Mimi," Stumai akasema.

"Wewe muuza vitumbua?"

"Miaka sita!" Stumai akamjia juu. "Miaka sita dada huyu ananigongea ngo ngo ngo ukutani, kichwa kinauma, mchana sipati hata usingizi. Leo useme sijui inavyolia? Gonga, dada!"

Paskalina akagonga. Stumai alikuwa amefumba macho. "Nzima." Ya pili. "Nzima." Ya tatu, nzima. Ya nne Stumai aliomba irudiwe, na foleni nzima ikashika pumzi, hata kijana wa gunia. "Nzima. Kuna mtu alipiga chafya." Ya tano akafumbua macho kabla kinyundo hakijatua vizuri.

"Hiyo."

Paskalina aliigeuza kwenye mwanga. Shingo ilikuwa safi kama nyingine, hakuona kitu. Akaipangusa kwa nguvu na kitambaa, kisha akachota unga wa Bibi Walburga uliokuwa kwenye ndoo, akaipaka shingo ikawa nyeupe yote. Wakasubiri. Chuma kilikuwa bado na joto la mashine. Polepole kwenye ule weupe ukatokea mstari mwembamba mweusi, oili iliyokuwa imejificha ndani ya ufa ikitoka nje kwenye unga. Mstari ulizunguka shingo karibu yote.

Egidi aliibana kwenye jiliwa, akaipiga nyundo moja. Moja tu. Kichwa kikaruka, kikagonga ukuta. Walipoitazama ile sehemu iliyokatika, ilikuwa nyekundu kwa kutu ya zamani, na chuma cheupe, kizima, kilichokuwa kinaishikilia nyundo ile asubuhi yote, hakikuzidi ukucha wa kidole kidogo.

Bibi Walburga alipiga ishara ya msalaba, akakaa chini juu ya debe la mtu.

Egidi alitaka kuziba nafasi ile na bolti yoyote ya dukani, bora kazi iendelee. Paskalina akajifuta uso kwa khanga akamkatalia.

"Iache wazi. Na nyundo ya upande wa pili uitoe pia, zibaki sita, la sivyo gurudumu litacheza. Usage polepole mpaka nikutafutie bolti mbili za uzito mmoja."

Egidi alikuna kichwa. Alitoa nyundo mbili kama alivyoambiwa. Bolti zile tatu zilizobaki kusikilizwa Stumai akazipitisha, mashine ikawashwa, na ikatulia.

"Mama Nati," alisema Egidi, mdomo karibu na sikio lake, "hizo mbili nitaletewa na nani kama si wewe? Ila azisikilize huyu." Akamwonyesha Stumai kwa spana.

Wakarudi Lizaboni kwa miguu. Vitumbua vya Stumai vilikuwa vimeliwa vyote na watoto wa mwenye duka, na siku hiyo Stumai hakugomba.

Asubuhi ya Alhamisi Kuu Paskalina alifungua kibanda. Alisimama mlangoni kwa muda mbele ya bolti ya Fransisko, kinyundo mkononi, kama mtu anayeogopa kubisha nyumba asiyojua kama ina watu. Stumai alikuwa anakoroga unga wake wa vitumbua, akaacha. Paskalina akagonga mara moja, kisha akamgeukia.

"Inaimba, dada," Stumai akamwambia kwa sauti yake yote, mtaa mzima ukasikia. "Wallahi inaimba vizuri."